Kilomita 398 zilizowakosesha ndege ya Mumbai: kisa cha mama wa Lindi na tiketi mbili

Kisa hiki naandika kwa ruhusa ya familia yenyewe, majina sitaji wala shirika sitaji, ila mengine yote nayaweka kama yalivyokuwa sababu naona watu wengi wa huku kusini wanaponzwa na jambo hilihili na hela inayopotea sio ndogo, tena mara nyingi ni hela ya ukoo mzima uliochangishana.

Iko hivi. Mama mmoja wa Lindi mjini alipangiwa kwenda kutibiwa India, Mumbai, miadi ya daktari Jumatatu asubuhi. Miguu inamsumbua, kukaa kwenye basi masaa mengi hawezi, kwahiyo wakakubaliana apande ndege kuanzia Mtwara mpaka Dar, alafu Dar aunganishe ya Mumbai. Msindikizaji ni kijana wake wa kiume na yeye ndo alishika mipango yote. Tiketi akakata mbili tofauti, moja ya Mtwara-Dar inayoondoka Jumamosi saa tano na dakika ishirini asubuhi na kufika saa sita na nusu mchana, nyingine ya Dar-Mumbai ya siku hiyohiyo saa tisa alasiri. Kaunta ya ndege ya Mumbai, pale unapokabidhi mabegi na kuandikishwa kabla ya kupanda, inafungwa saa nane kamili. Ukiangalia karatasini, kuna saa moja na nusu kati ya kutua na kaunta kufungwa, na yeye aliamini ni zaidi ya hapo.

Kwanini aliamini ni zaidi? Hapa ndo pa kusoma taratibu.

Huyu kijana sio mtu wa kubahatisha, anafanya kazi kwenye ghala la ufuta, kutwa nzima anashinda na mizani na madaftari. Alikaa na simu akatafuta umbali wa angani kati ya Mtwara na Dar es Salaam. Akapata namba tatu: 398, 247 na 215. Akachanganyikiwa kidogo, ila zote tatu zinasema kitu kimoja. 398 ni kilomita, 247 ni maili zile za barabarani za Waingereza (maili moja ni kilomita 1.609), na 215 ni maili za baharini ambazo marubani na manahodha wanatumia, hiyo moja ni kilomita 1.852. Na hii ya mwisho naipenda sababu unaweza kuipata mwenyewe kwenye ramani bila simu. Maili moja ya baharini ni dakika moja ya latitudo, ile mistari ya ramani inayopima kaskazini na kusini (digrii moja ina dakika 60). Uwanja wa Mtwara uko kama digrii 10 na dakika 20 kusini ya ikweta, wa Dar uko kama digrii 6 na dakika 53. Toa, unabaki na digrii 3 na dakika 27, yaani dakika 207, kwahiyo maili 207 kwenda kaskazini. Dar iko kidogo magharibi ya Mtwara kwahiyo mstari unalala, ndo unafika 215. Barabara yenyewe ni kama kilomita 560 sababu inazunguka Mingoyo, inapanda Nangurukuru, inavuka Rufiji pale daraja la Mkapa, wakati ndege inakata juu ya bahari moja kwa moja. Ukivuta mstari huo unaona unapita baharini nje ya Lindi, unapita nje ya Kilwa, unafika kati ya Mafia na delta ya Rufiji. Ukikaa dirisha la kushoto siku isiyo na mawingu unaiona delta yote na mikoko yake na mito imejigawa, ukikaa kulia unaitafuta Mafia.

Sasa mwendo. Akatafuta mwendo wa ndege za pangaboi akakutana na Q400, ambayo ikiwa juu kabisa inafika kama kilomita 667 kwa saa. Akagawa 398 kwa 667, akapata dakika 36. Tiketi inasema saa 1 na dakika 10. Akahitimisha kwamba shirika limejiwekea nusu saa ya akiba, kwahiyo watatua kama saa sita mchana na sio saa sita na nusu. Ile saa moja na nusu ikawa masaa mawili kichwani mwake. Kugawa aligawa vizuri kabisa, ila alichogawa hakikuwa safari.

Ule mwendo wa 667 ndege inaupata ikishafika juu na kunyooka tu. Safari ya tiketi inaanza kuhesabiwa ndege inapoachia maegesho, sio inapoacha ardhi. Pale Mtwara barabara ya kurukia imeongezwa mpaka mita 2,800, ndege inatembea polepole kama gari la mtaani mpaka ifike pa kuanzia, igeuke, rubani apewe ruhusa, ndo iruke. Dakika tano, saba zimeenda na hujasogea hata kilomita tatu. Ikiruka inapanda, na ikiwa inapanda iko chini sana ya 667, nguvu ya injini inaenda kwenye kupanda. Isitoshe chini ya futi 10,000 kwa kawaida kuna kikomo cha noti 250 (noti ni maili za baharini kwa saa), kama kilomita 463 kwa saa, kikomo hicho unakikuta wakati wa kupanda na unakikuta tena wakati wa kushuka. Kwenye safari ya kilomita 398 kupanda na kushuka kunakula karibu nusu ya njia, ule mwendo mkubwa unaupata kipande cha katikati tu, na kipande chenyewe kifupi.

Kisha unafika Dar. Dar sio Mtwara, pale kuna za Zanzibar zinapishana, kuna za Dodoma, Mwanza, Kilimanjaro, kuna za nje, kwahiyo unapangwa kwenye foleni. Na kuna suala la upepo. Barabara kuu ya kurukia pale Dar imelala kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na ndege inatua ikiutazama upepo. Msimu wa kaskazi upepo unatoka kaskazini-mashariki, sasa wewe uliyetoka Mtwara unakuja kutokea kusini juu ya bahari huwezi kuingia tu, unazungushwa upande wa bara, kule Pugu, ndo ugeuke ushuke. Wanaosafiri njia hii mara kwa mara wanajua hali hiyo, unaona nyumba za Dar zile pale chini unasema tumefika, alafu zinapita dakika kumi nyingine ndege inazunguka. Ukitua unatembezwa tena mpaka maegesho.

Jumlisha yote inafika saa moja na dakika tano, saa moja na dakika kumi. Akiba kidogo ipo ndio, mashirika yote yanaweka, ila ni ya dakika chache sio nusu saa. Ukichukua kilomita 398 ukagawa kwa saa 1 na dakika 10 unapata mwendo wa kilomita 341 kwa saa, huo ndo mwendo halisi wa safari ya Mtwara-Dar, nusu tu ya ule aliousoma kwenye simu.

Na hapa nataka watu waelewe kitu kimoja sababu naulizwa sana kama tukipanda ndege kubwa ya jeti Mtwara tutafika kwa nusu saa. Hapana. ATR, pangaboi nyingine, inayoenda kama kilomita 500 kwa saa, ukigawa inakupa dakika 48, tiketi itasema kama saa moja na robo. Jeti ya kilomita 850 ukigawa inakupa dakika 28, ila tiketi bado itasema kama saa nzima, sababu kutembea chini, kupanda, kushuka na foleni ya Dar viko palepale. Jeti faida yake inaonekana njia ikiwa ndefu. Angalia Mumbai: kutoka Dar ni kama kilomita 4,685 kwa mstari wa angani, karibu mara kumi na mbili ya Mtwara-Dar, lakini muda wake ni kama masaa sita, mara tano tu. Pale wastani unafika kilomita 780 kwa saa.

Kwenye hiyo ya Mumbai kijana alikuwa na wasiwasi mwingine. Tiketi imeandikwa kuondoka saa tisa alasiri, kufika saa tano na nusu usiku, akamwambia mama yake ni safari ya masaa nane na nusu angani, mama akaogopa kweli kwa ajili ya miguu. Masaa sio nane na nusu. Muda unaoandikwa kwenye tiketi ni wa mji husika, na India wako mbele yetu masaa mawili na nusu, ni moja ya nchi ambazo hazikatizi kwenye saa kamili. Toa hayo mawili na nusu unabaki na sita. Na wakati wa kurudi itaonekana kinyume, tiketi itaonyesha kama masaa matatu na nusu tu, mtu anashangaa ndege ya kurudi inakimbia hivyo, kumbe ni yaleyale masaa sita. Mama alipoambiwa ni sita alitulia, ila akauliza swali la maana kuliko yote tuliyouliza sisi: vidonge vyangu vya presha nameza kwa saa ya wapi? Nikamwambia hilo amuulize daktari wake kabla ya kusafiri, na alienda kuuliza.

Turudi kwenye Jumamosi yenyewe.

Walitoka Lindi saa kumi na mbili asubuhi kwa Noah ya kukodi. Lindi mpaka Mtwara ni kama kilomita 105 kwa barabara, kwenda kusini. Fikiria hapo, Dar iko kaskazini na wao wanaenda kusini kwanza ili wakapande ndege ambayo itarudi kaskazini na kupita baharini karibu na kwao. Kwa mstari ulionyooka Lindi-Dar ni kama kilomita 350, wao kwa njia hiyo wanaenda zaidi ya 500. Sisemi walikosea, kwa safari yao ndege ilikuwa ya Mtwara na mama asingeweza basi. Ila masaa hayo nayo yanahesabika. Kutoka mlangoni kwao saa kumi na mbili mpaka kutua Dar saa sita na nusu, mambo yakienda sawasawa, ni masaa sita na nusu. Basi la Lindi-Dar linatumia masaa saba, nane. Kwahiyo mtu wa Lindi anapopanda ndege Mtwara muda anaookoa ni mdogo mno, anachonunua ni kupumzisha mwili, na kwa mgonjwa hicho ni kitu kikubwa. Na zipo nyakati hakuna hata cha kuchagua, Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake barabara ilikatika Somanga na maeneo mengine, huku kusini tukabaki tumefungiwa, ndege ikawa ndo njia.

Walifika uwanjani Mtwara saa mbili na nusu. Mapema, vizuri kabisa. Wakakaa. Saa tano kasoro dakika kumi, muda ambao ndege ilitakiwa iwe inatua, hakuna ndege. Saa tano na ishirini, muda wa kuondoka, hakuna ndege. Mama anamuuliza, mwanangu hiyo ndege yetu inatoka wapi kwani? Kijana anamjibu, inatoka hapa mama, tunasubiri watuite.

Hilo jibu ndo kiini cha kisa chote. Ndege ya Mtwara haitoki Mtwara. Ndege hailali kwetu, inatoka Dar na abiria wa Dar, inatua, inashusha, inapakia, inarudi. Safari yako inaanzia Dar masaa kadhaa kabla hujaitwa. Ratiba ya siku ile ilikuwa hivi: itoke Dar saa tatu na dakika arobaini, itue Mtwara saa tano kasoro dakika kumi, ikae nusu saa, iondoke saa tano na ishirini, itue Dar saa sita na nusu. Asubuhi ile Dar kulinyesha mvua kubwa, ratiba za asubuhi zikasogea moja baada ya nyingine, na ndege yao ikatoka Dar saa tano kamili. Imechelewa saa 1 na dakika 20. Kuanzia sekunde ile ndege ilipoachia maegesho ya Dar, jibu la Mtwara lilikuwa limeshapatikana hata kama pale hakuna aliyelisema. Saa tano jumlisha saa 1 na dakika 10, inatua saa sita na dakika kumi mchana. Jumlisha nusu saa ya kushusha na kupakia. Jumlisha saa 1 na dakika 10 ya kurudi. Inatua Dar kama saa nane kasoro dakika kumi. Ikatua saa nane kasoro dakika tano, sababu pale Mtwara ilikaa dakika thelathini na tano badala ya thelathini.

Kaunta ya Mumbai inafungwa saa nane kamili, kwahiyo walibakiwa na dakika tano. Na katika dakika hizo tano walitakiwa washuke, mama atafutiwe kiti cha magurudumu, wasubiri mabegi ambayo yalitoka kama dakika ishirini baadaye, alafu wahame jengo, sababu za ndani wanashukia Jengo la Pili na za nje zinaondokea Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa 2019, na sio mlango wa pili pale, ni kupanda gari na mabegi na mgonjwa. Walifika Jengo la Tatu kaunta imeshafungwa. Ndege ilikuwa bado iko chini kabisa, inaondoka saa tisa, lakini ikishafungwa imefungwa.

Kilichofuata ndo kiliwauma zaidi. Wakaenda kwa shirika la kwanza, wakaambiwa sisi tumekufikisha Dar, tiketi yako inasema Dar. Wakaenda kwa la pili, wakaambiwa sisi ndege yetu iliondoka kwa wakati, wewe hukuwepo. Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa sawa kwa karatasi yake. Tiketi mbili tofauti ni mikataba miwili isiyojuana. Ungekuwa umekata safari nzima Mtwara-Dar-Mumbai kwenye tiketi moja, kuchelewa kwa kipande cha kwanza ni mzigo wa shirika lililokuuzia tiketi, lenyewe ndo litakutafutia ndege inayofuata, na hata hiyo ratiba isingeuzwa kama muda wa kuunganisha hautoshi kwa viwango vyao. Kijana alikata mbili sababu zilikuwa nafuu kidogo, na ule unafuu uliishia kwenye faini ya kutokutokea na tofauti ya nauli ya siku nyingine, na bado ikazidi. Nafasi ilipatikana Jumanne. Miadi ya Jumatatu ikapita, ikabidi hospitali iombwe upya.

Maoni yangu, na nimemwambia kijana hivihivi uso kwa uso, kosa halikuwa kuchelewa kwa ndege. Mvua ni mvua. Kosa lilikuwa kuchukua umbali kana kwamba ndo muda, alafu juu ya huo muda akajenga mpango usio na siku ya ziada, kwa safari ya mgonjwa. Kwa ndege ya nje inayoondoka saa tisa alasiri ningewatoa Lindi Ijumaa. Walale Mbagala kwa ndugu, nusu ya Lindi iko Mbagala, nani hana ndugu pale, alafu Jumamosi asubuhi waende uwanjani taratibu wafike masaa matatu kabla. Hata Ijumaa ndege ingechelewa masaa matano isingeharibu kitu.

Na kwa anayelazimika kusafiri siku moja, kuna kitu cha kufanya ukiwa bado nyumbani. Usiulize "ndege inaondoka Mtwara saa ngapi", hiyo utajibiwa muda wa ratiba. Piga simu uulize "ndege imeshatoka Dar?" Wakikwambia imetoka saa fulani, weka saa 1 na dakika 40, huo ndo muda wako wa kuondoka Mtwara. Weka masaa 2 na dakika 50, huo ndo muda wako wa kutua Dar. Hiyo hesabu inafanya kazi kuliko kugawa kilomita kwa mwendo. Kijana angeuliza hivyo saa tano asubuhi angejua kwamba saa nane kasoro dakika kumi ndo mapema yao kabisa, na angepata karibu masaa matatu ya kupiga simu kwa shirika la Mumbai akiwa bado hajahesabika kama mtu ambaye hakutokea. Kubadilisha tiketi kabla kaunta haijafungwa na kubadilisha baada ya kufungwa ni bei mbili tofauti kwenye tiketi nyingi, na kwenye tiketi za bei ya chini baada ya kufungwa unaweza usirudishiwe kitu.

Jumanne walisafiri. Walilala Mbagala tangu ile Jumamosi, kwahiyo mama alifika uwanjani amepumzika, na hospitali ikawapa nafasi nyingine wiki hiyohiyo. Ya kurudi tumeipanga upya wote watatu tukiwa na karatasi mezani kabla hawajaondoka: wakishatua Dar wanalala, Dar-Mtwara ni kesho yake, na Noah ya kuwarudisha Lindi imeambiwa isitoke Lindi mpaka ipigiwe simu kwamba ndege imeshaachia Dar.